Tumbo Lisilolala: Tunawajibu Wanafunzi wa Vyuo

Barua za safari hii zimetoka kwa wanafunzi wa vyuo, na karibu kila moja imeanza kwa kulalamikia usingizi. Ukizisoma kwa makini utakuta tumbo limo ndani: linaunguza, linasokota, limefunga, au linamwamsha mtu usiku wa manane. Hatukushangaa. Tumbo, mawazo na usingizi vimefungwa kamba moja, ukivuta kimoja vingine vinafuata.

SWALI: Shikamooni. Niko mwaka wa kwanza. Kila usiku wa kuamkia mtihani tumbo linanivuruga. Najisikia nimeshiba hata kama nimekula kidogo, kisha nakimbilia chooni mara tatu au nne, choo chepesi. Nikirudi kitandani usingizi umeshapaa. Wenzangu wanasema ni chakula cha jioni. Mbona siku nyingine nakula kilekile na sidhuriki?

Marahaba. Jibu umeshalishika mwenyewe: chakula ni kilekile, usiku ndio tofauti.

Ubongo ukihisi hatari hutoa homoni inayoitwa kwa kifupi CRH. Homoni hiyo ndiyo inayoanzisha msururu unaoishia kwenye kotisoli, homoni ya msongo. Lakini ina kazi nyingine ambayo wengi hawaijui. Hulichelewesha tumbo kumwaga chakula kwenye utumbo mwembamba, na papo hapo huuharakisha utumbo mpana. Ndiyo maana huku juu unajisikia umeshiba na huku chini unakimbizwa. Kazi kubwa ya utumbo mpana ni kufyonza maji. Ukisukuma haraka, maji hayapati muda wa kufyonzwa, na choo kinatoka chepesi. Hakuna sumu wala chakula kibovu hapo.

Usingizi nao unaharibiwa na msururu huohuo. Kwa kawaida kotisoli huwa chini kabisa karibu na usiku wa manane, huanza kupanda alfajiri, na kufika kileleni kama dakika 30 hadi 45 baada ya mtu kuamka. Hofu ya mtihani huipandisha saa ambayo ingepaswa kuwa imelala. Kisha kuna neva ya vagasi, inayounganisha ubongo na tumbo: takriban asilimia 80 ya nyuzi zake hupeleka habari kutoka tumboni kwenda juu. Utumbo unaosokota unaupigia ubongo kelele, ubongo unazidi kuogopa, na mzunguko unaendelea.

Tuchukue kwamba unataka kulala saa tano usiku. Kula kati ya saa moja na saa mbili usiku, chakula ulichokizoea, mafuta yawe kidogo kwa sababu mafuta hulichelewesha tumbo ambalo tayari linachelewa. Siku hiyo usiguse kahawa baada ya saa sita mchana. Acha pia chingamu zisizo na sukari ambazo wengi hutafuna wakisoma. Nyingi zina sorbitoli, sukari isiyofyonzwa vizuri, ambayo huvuta maji ndani ya utumbo na kuzalisha gesi.

Saa nne usiku funga madaftari. Chukua karatasi na kwa dakika 5 andika yaliyobaki kufanywa: kalamu zipi, chumba kipi, mada ipi utaipitia asubuhi. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Baylor, Marekani, waliwapima vijana 57 usiku mmoja. Walioandika orodha ya mambo yanayowasubiri walilala mapema kwa takriban dakika 9 kuliko walioandika mambo waliyokwisha kuyafanya. Orodha iwe ndefu na ya wazi. "Kusoma" haitoshi, andika "kurudia sura ya nne, maswali ya mwisho".

Kisha lala chali, mkono mmoja kifuani, mwingine juu ya kitovu. Vuta pumzi kwa puani ukihesabu hadi 4, itoe ukihesabu hadi 6. Mkono wa kitovuni upande na kushuka, wa kifuani utulie. Endelea dakika 10. Kosa tunalolisikia mara nyingi ni mtu kuvuta pumzi kubwa kupita kiasi, akapata kizunguzungu na vidole vikamfa ganzi. Hapo umetoa hewa ya kaboni nyingi mno. Usibadilishe mwendo, punguza tu ukubwa wa pumzi, kana kwamba hutaki mtu wa kitanda cha jirani akusikie.

SWALI: Narudi kutoka maktaba saa tano usiku, nakula, nalala na kompyuta kifuani nikimalizia kazi. Baada ya nusu saa moto unapanda kifuani na mdomo unakuwa mchungu. Nimeongeza mito hadi mitatu lakini hali imezidi. Najua nisile usiku, ila njaa ya saa hizo siiwezi.

Pole sana. Tuanze na mito, maana ndiyo inayokuponza.

Kati ya umio na tumbo kuna msuli wa mviringo unaobana kama mdomo wa mfuko. Tumbo likijaa na kukandamizwa, msuli huo unazidiwa na asidi inapanda. Mito mitatu hukunja mwili kiunoni, tumbo likabanwa katikati, na kompyuta juu yake inaongeza uzito. Unachotaka si kuinua kichwa pekee bali kiwiliwili chote, kuanzia kiunoni, kiwe mteremko ulionyooka. Weka matofali au vipande vya mbao chini ya miguu miwili ya kitanda ya upande wa kichwa, kimo cha sentimita 15 hadi 20. Kama kitanda ni cha ghorofa, usithubutu kukiinua. Kunja blanketi nzito na uzitandike chini ya godoro, nene upande wa kichwa na zikipungua hadi kiunoni. Lala ubavu wa kushoto. Ukilala hivyo tumbo linakaa chini ya mlango wa umio, na asidi inabaki bondeni. Ukilala ubavu wa kulia, mlango unazama.

Usiku una ubaya wake kwa kiungulia. Ukilala humezi mate kama mchana, na mate ndiyo yanayosuuza asidi iliyopanda. Asidi ambayo mchana ingeondoka kwa dakika chache, usiku inakaa na kuunguza. Na kuungua huko kunakuzindua kidogokidogo bila wewe kukumbuka asubuhi, ndiyo maana unaweza kulala muda wa saa 7 ukaamka umechoka.

Sasa njaa. Usijilaumu. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago waliwalaza vijana 12 wa kiume muda wa saa 4 tu kwa usiku mbili mfululizo. Leptini, homoni ya kushiba, ilishuka kwa asilimia 18, na ghrelini, homoni ya njaa, ikapanda kwa asilimia 28, ikilinganishwa na walipolala kwa wingi. Njaa yako ya usiku wa manane kwa sehemu ni deni la usingizi. Igawanye milo: mlo mkubwa kula saa kumi na mbili jioni kabla ya kuingia maktaba, hata kama hujasikia njaa kali, na ukirudi kula kitu kidogo kisicho na mafuta, kama tunda lisilo chachu au kipande cha mkate. Kati ya mlo mkubwa na kulala zipite angalau saa 3.

Kuhusu dawa: vidonge vya kutafuna vya kutuliza asidi hufanya kazi kwa dakika chache, na nguvu yake haikai muda mrefu. Omeprazoli ni jambo lingine. Inazima mitambo inayozalisha asidi, na mitambo hiyo huwaka unapokula, kwa hiyo inamezwa dakika 30 hadi 60 kabla ya mlo. Anayeimeza akishaungua, kitandani, anasema haifanyi kazi. Ikipita wiki 2 na bado unaihitaji, muone daktari.

SWALI: Je, ni kweli kwamba mtindi unaleta usingizi kwa sababu serotonini inatengenezwa tumboni?

Nusu ya maneno hayo ni kweli. Takriban asilimia 90 ya serotonini ya mwili hutengenezwa kwenye utumbo. Lakini haivuki ukuta unaotenga damu na ubongo, na ubongo hujitengenezea yake. Serotonini ya utumbo kazi yake kubwa ni humohumo: kuendesha mikazo na kutuma taarifa kwa neva. Kula mtindi kama unaupenda. Usiutegemee kama dawa ya usingizi, na ukiona unakujaza gesi, huenda ni sukari ya maziwa ambayo mwili wako hauimeng'enyi.

SWALI: Nakunywa vikombe viwili vya kahawa saa moja usiku ili nisome. Kufika saa sita nalala bila shida, kwa hiyo kafeini hainisumbui. Tatizo ni kwamba naamka nimechoka, tumbo linawaka, na nikiacha kahawa kichwa kinapasuka. Nameza diklofenaki.

Kulala haraka si ushahidi kwamba kafeini imekwisha. Piga hesabu. Kikombe cha mililita 240 kina takriban miligramu 95, kwa hiyo viwili ni 190. Kwa watu wazima wengi nusu ya kafeini huondoka kila baada ya muda wa saa 5 hivi. Saa sita usiku unapozima taa, ndani ya damu zimebaki 95: ni kama ulikunywa kikombe kizima ukiwa umekaa kitandani. Saa kumi na moja alfajiri zimebaki karibu 48, sawa na kikombe cha chai. Dada zetu wanaotumia vidonge vya uzazi wa mpango wajue kwamba kafeini hukaa mwilini mwao karibu mara mbili ya muda huo.

Kinachotokea ni kwamba unalala kwa sababu umechoka sana, lakini usingizi mzito unapungua na unazinduka mara nyingi zaidi. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba miligramu 400 zilizonywewa saa 6 kabla ya kulala hupunguza usingizi kwa zaidi ya saa moja. Kahawa pia huchochea asidi ya tumbo na mikazo ya utumbo mpana, hata kwenye tumbo tupu.

Usiiache kwa siku moja. Maumivu ya kichwa huanza muda wa saa 12 hadi 24 baada ya kikombe cha mwisho, hufika kilele siku ya kwanza au ya pili, na yanaweza kuendelea kwa wiki nzima. Sogeza kwanza saa, kisha punguza kiasi. Siku 3 kunywa vikombe vyako viwili saa kumi jioni badala ya saa moja usiku. Siku 3 zinazofuata, kikombe kimoja na nusu saa nane mchana. Kisha kimoja, kabla ya saa sita mchana, na ubaki hapo.

Diklofenaki iache leo. Yenyewe, pamoja na ibuprofeni na aspirini, hupunguza ute unaolinda ngozi ya ndani ya tumbo. Kumeza dawa hiyo mara kwa mara, tumbo likiwa tupu, juu ya kahawa, ni njia ya moja kwa moja ya kupata vidonda. Kwa kichwa cha siku hizi chache parasetamoli inatosha kama huna tatizo la ini: vidonge 2 vya miligramu 500, visizidi 8 kwa siku nzima.

SWALI: Tangu nihamie bweni napata choo mara moja kwa siku nne, kigumu kama vikokoto. Vipindi vinaanza saa mbili, naamka saa mbili kasorobo. Usiku tumbo limejaa gesi, najigeuza tu.

Utumbo mpana nao hulala. Usiku mikazo yake hupungua sana, na dakika chache baada ya kuamka huanza kuchachamka. Chakula cha kwanza kikiingia tumboni, utumbo mpana unapewa taarifa na kuanza kusukuma. Wengi husikia haja ndani ya nusu saa. Wewe muda huo uko njiani kwenda darasani. Unaibana haja, nayo inapotea, kwa sababu utumbo hutanuka na kuzoea mzigo. Choo kinakaa humo na kuendelea kufyonzwa maji. Baada ya siku nne ndivyo vikokoto unavyoviona. Bweni lina shida nyingine ambayo watu huona haya kuisema: vyoo vya pamoja, foleni, mtu anagonga mlango. Misuli ya njia ya haja haiwezi kulegea ukiwa na wasiwasi.

Amka saa moja kasorobo. Kunywa glasi ya maji, kula kitu hata kama ni kidogo, na dakika 20 baadaye nenda chooni, ukisikia haja au usisikie. Choo kikiwa cha kukalia, weka miguu juu ya kigoda cha sentimita 20 hivi, magoti yapite kimo cha nyonga, na uiname mbele kidogo; njia ya haja hunyooka. Usikamie, na usikae zaidi ya dakika 10. Simu iache chumbani. Rudia kila siku saa ileile, na upe mwili wiki 2 hadi 3.

Nyuzinyuzi unahitaji gramu 25 hadi 30 kwa siku. Kikombe cha maharage yaliyoiva kina karibu gramu 15, tufaha lenye ganda gramu 4, chungwa gramu 3. Lakini usiruke kutoka 10 hadi 30 kwa siku moja. Bakteria wa utumbo watazichachusha na gesi itakuwa mbaya kuliko sasa. Ongeza gramu 5 kila wiki, na maharage yale mchana, si usiku. Nyuzinyuzi bila maji ya kutosha nazo huziba.

SWALI: Naamshwa saa nane usiku na maumivu ya kuunguza juu ya kitovu. Nikila kitu yanatulia. Nimeambiwa ni msongo wa mawazo tu, yataisha mitihani ikiisha.

Usisubiri mitihani iishe. Maumivu ya juu ya tumbo yanayoamsha mtu usiku na kutulizwa na chakula yanafanana sana na kidonda cha duodeni, sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba. Zamani vidonda vya tumbo vilibebeshwa msongo wa mawazo. Madaktari wawili wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, walionyesha kwamba kisababishi kikubwa ni bakteria Helicobacter pylori, na kwa kazi hiyo walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Kisababishi cha pili ni dawa za maumivu tulizozitaja kwa msomaji wa kahawa. Msongo huongeza ukali wa maumivu, na kumwambia mgonjwa "ni mawazo tu" bila kumpima ni kumdhulumu.

Omba kipimo cha choo au cha pumzi. Kipimo cha damu huweza kuonyesha maambukizi ya zamani yaliyokwisha kupona. Usianze omeprazoli kabla ya kupimwa; kama umeshaianza, muulize daktari kuhusu kuisitisha wiki 2, na antibiotiki ziwe zimepita wiki 4, la sivyo kipimo huweza kusema huna ilhali unao. Ukipewa dawa, zimalize zote, hata kama maumivu yameisha siku ya tano.

Wasomaji wengine shikeni alama hii. Tumbo linalovurugwa na msongo kwa kawaida husumbua mtu akiwa macho, halimtoi kwenye usingizi mzito. Kuhara au maumivu yanayokuamsha usiku, damu chooni, choo cheusi kama lami, kupungua uzito bila kukusudia, homa isiyoisha, au chakula kukwama kooni: yoyote kati ya hayo ni ya daktari, wiki hii hii. Ukitapika damu au choo kikawa cheusi huku unazunguzungwa, nenda hospitali usiku huohuo.

SWALI: Siku za vipindi nalala muda wa saa 5, Jumamosi na Jumapili nalala hadi saa sita mchana. Jumatatu tumbo huwa halielewi chochote: halina hamu ya kula, kisha linauma. Mna mengi mnayoshauri. Nianze na lipi?

Anza na asubuhi. Watu hupigana na saa ya kulala, ambayo huwezi kuiamrisha. Saa ya kuamka unaiweza.

Ubongo una saa yake, inayowekwa sawa na mwanga. Tumbo, utumbo na ini navyo vina saa zake, zinazofuata hasa muda wa kula. Ukiamka saa kumi na mbili Ijumaa na saa sita mchana Jumamosi, umejisafirisha umbali wa saa 6 bila kupanda ndege, na Jumatatu unataka viungo vyote virejee. Ndiyo maana chakula cha Jumatatu asubuhi kinakuta tumbo halijafungua mlango.

Chagua saa maalumu ya kuamka, na mwisho wa wiki usiipite kwa zaidi ya saa moja. Isogeze kwa dakika 30 kila siku 2 au 3, usiruke. Ukiamka, toka nje kwenye mwanga wa mchana dakika 20 hadi 30, na ule ndani ya saa ya kwanza. Ukizidiwa, sinzia dakika 20, kabla ya saa tisa alasiri. Usiku nenda kitandani ukisikia usingizi, na kama zinapita kama dakika 20 hujalala, bila kutazama saa, inuka, kaa kwenye kiti mahali penye mwanga hafifu, urudi ukisinzia. Siku 4 au 5 za kwanza utachoka zaidi, na hapo ndipo wengi huacha.

Wakati huohuo weka daftari, mstari mmoja kwa siku: saa ya kuamka, saa ya mlo wa mwisho, kikombe cha mwisho cha kafeini, msongo kuanzia 0 hadi 10, maumivu ya tumbo kuanzia 0 hadi 10, na aina ya choo kwa kipimo cha Bristol cha mwaka 1997, ambapo 1 ni vikokoto, 4 ni laini kilichoshikana, na 7 ni maji matupu. Ukisoma daftari, linganisha usingizi wa usiku na tumbo la siku inayofuata, maana usingizi mbovu huongeza hisia ya maumivu kesho yake. Andika kwa siku 14 mfululizo, Jumamosi na Jumapili zikiwemo.